Pua ya Mkaguzi wa Kuvu

Ukitaka kununua nyumba kuukuu mjini pale, nyumba ya kuta nene na dari za mbao, watu watakwambia umwite Pua kabla hujamwita mwanasheria. Jina lake halisi lipo kwenye kitambulisho tu. Hata mkewe akikasirika humwita Pua. Wala hakuitwa hivyo kwa ukubwa. Pua yenyewe ni ya kawaida, tena imelala kidogo upande mmoja tangu alipoanguka ngazini ujanani. Aliitwa hivyo kwa kazi yake ya kukagua kuvu, ile nyeusi na ya kijani inayoota nyuma ya makabati na chini ya mazulia, ikala lipu polepole na kuingia vifuani mwa watu bila kubisha hodi.

Masharti yake yalijulikana. Nyumba ifungwe tangu jioni, milango na madirisha yote, mtu asipike wala asipulize marashi. Asubuhi mlango aufungue yeye. Alisimama kizingitini, akafumba macho, akavuta pumzi mara tatu, kisha akaenda moja kwa moja chini ya ngazi au nyuma ya sinki, akagonga ukuta kwa kidole na kusema, "Hapa." Wakibomoa wanaikuta. Kipima unyevu chake, kifaa chenye sindano mbili za kuchomeka ukutani, kilikuwa cha kuthibitisha tu. Wateja walipenda kumtazama, na wengine waliita majirani. Na kila mteja, bila kukosa, alimtupia ile methali ya kuziba ufa na kujenga ukuta, akidhani yeye ndiye wa kwanza kuifikiria. Pua alicheka kila mara, maana riziki haitaki kiburi.

Kabla ya hapo alikuwa mpaka rangi, miaka tisa. Na tuseme ukweli, mtu huyu hakuanza na mikono safi. Miaka ile alizika kuvu nyingi kuliko aliyokuja kuifichua. Mwenye nyumba anasema mpangaji anaingia Jumatatu, paka. Naye anapaka, rangi ya mafuta juu ya ukuta wa chokaa. Ukuta wa chokaa unapumua. Ukiuvika rangi ya mafuta, maji yanabaki ndani na kuvu inapata chakula na giza. Alilijua hilo kama anavyojua mfuko wake. Siku moja akarudi kwenye nyumba aliyoipaka mwaka mmoja nyuma, akamkuta mama mwenye nyumba analala ameketi kwa sababu ya pumu, na rangi yake imefura ukutani malengelenge matupu. Alikwenda kwake, akatupa brashi darini, akaanza kazi ya kutafuta kile alichokuwa akikificha. Alidhani kwa njia hiyo atajisafisha, na kwa miaka kumi na saba karibu aamini kwamba amesafika.

Halafu ikaja homa. Homa ya kawaida ya wiki moja, mafua na kichwa, akapona. Siku chache baada ya kupona alikunywa maziwa asubuhi, gilasi nzima, akajifuta mdomo, akamwona mkewe amesimama mlangoni amemtolea macho.

"Baba, hayo yamechacha tangu jana. Nilikuwa nakuja kuyamwaga."

Pua akanusa gilasi. Akanusa birika. Akaenda kwenye pipa la taka, akainama, akavuta pumzi mpaka kifua kikamuuma. Akajaribu sabuni, mafuta ya taa, na soksi zake mwenyewe, ambazo mkewe siku zote alizibeba kwa kijiti. Hakusikia kitu. Daktari alimwambia harufu huenda ikarudi baada ya mwezi, au mwaka, au isirudi, avute subira. Huo ndio ushauri wa daktari ambaye hana la kufanya.

"Waambie watu umesimamisha kazi kidogo," mkewe alimwambia. "Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Niwaambie nini? Nani atamwita Pua asiye na pua?"

"Basi watakuita Macho."

Alicheka. Alikuwa anakaribia miaka sitini, na hakujua kazi nyingine isipokuwa ile ya brashi ambayo aliapa hatairudia. Basi akajikaza kisabuni. Watu walipoita, alikwenda. Alisimama kizingitini akafumba macho, akavuta pumzi zake tatu kama mtu anayenusa picha ya chakula, halafu akachomeka sindano za kifaa chini ya madirisha na kando ya bafu, mahali ambapo hata mtoto angeangalia. Nyumba tatu alizipitisha hivyo. Ya tatu ndiyo iliyomharibia usingizi.

Ilikuwa inanunuliwa na fundi saa, mtu mpole wa makamo mwenye kibanda karibu na soko, pamoja na mkewe ambaye ni muuguzi. Walitaka nyumba kubwa ili mama yake fundi saa ahamie kwao. Siku ya ukaguzi walimleta bibi huyo naye achague chumba. Alikuwa mwembamba, mikono mikubwa kuliko mwili, maana miaka thelathini na minne alikuwa dobi. Alifua mashuka ya hoteli, makoti ya madaktari na magauni ya maharusi, na alijivuna kwamba katika miaka yote hiyo hakuna nguo iliyorudishwa kwake kwa doa. Akachagua chumba cha nyuma, kwa sababu jua la asubuhi liliingia.

Chumba hicho ndicho pekee kilichopakwa rangi mpya katika nyumba nzima iliyochakaa. Pua aliliona hilo, na naomba msomaji alishike, kwa sababu yeye mwenyewe hajaacha kulishika. Macho yake yalikuwa mazima. Mpaka rangi yeyote anajua maana ya chumba kimoja kipya katika nyumba kuukuu: ukiona mtu amefunga kitambaa kidole kimoja, huulizi kama kuna kidonda, unauliza ni kikubwa kiasi gani. Isitoshe, ukuta mzima wa nje ulikuwa umezibwa na kabati jipya lililokazwa kwa skrubu. Zamani angesema, "Ling'oeni hilo," na dalali wa nyumba angenung'unika na kuling'oa, kwa sababu pua imesema. Sasa wangemuuliza, "Umesikia nini, fundi?" naye angejibu nini? Akachomeka sindano kwenye ukuta wa pembeni, ambao ulikuwa mkavu, akaridhika nao kwa makusudi.

"Fundi," bibi akasema kutoka dirishani, "hapa pananuka."

"Pananuka nini, mama?"

"Nguo iliyokunjwa mbichi."

Wote wakamgeukia Pua. Akafumba macho. Akavuta pumzi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na humo ndani mwa pua yake mlikuwa kimya kama kisima kilichokauka.

"Hiyo ni rangi mpya, mama," akasema. "Ikikauka vizuri itaisha." Kisha, ili asiulizwe zaidi, akacheka. "Jamani, mama huyu ataninyang'anya kazi! Kesho mtamwita yeye!"

Wakacheka wote, mpaka dalali aliyekuwa hana meno ya mbele. Bibi naye akatabasamu na kuangalia chini, kama mtu aliyesema jambo mbele ya wenye kujua. Pua akaandika kwenye ripoti kwamba nyumba haina kuvu, akatia sahihi, wakahamia.

Usidhani hakujuta. Majuto ndiyo yaliyomfundisha kufanya kazi upya. Baada ya nyumba ile aliacha maonyesho ya kizingitini, akaanza kupima ukuta wote, kiganja kwa kiganja, kila kabati limesogezwa na kila zulia limekunjwa. Wateja walipolalamika kwamba zamani alimaliza kwa nusu saa, aliwaambia taratibu zimebadilika, bila kusema zimebadilishwa na nani. Nyumba mbili za kwanza alizirudia kwa kisingizio kwamba alisahau tochi, akakagua kwa siri, akakuta ni salama. Ya tatu alifika mara mbili langoni. Mara ya kwanza aliona nguo kwenye kamba uani, nyeupe mpaka zinaumiza macho, akajiambia kwamba watu wanaoanika hivi hawawezi kuwa na kuvu. Mara ya pili alisikia mtu anakohoa ndani, kikohozi kirefu cha kizee. Nani hakohoi, alijiambia, akageuka. Hiyo ya pili aliiona aibu hata kumwambia mkewe, na mkewe alikuwa anaambiwa kila kitu.

Miezi kumi na moja ikapita, muuguzi akapiga simu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, ila mama kifua kinamsumbua. Daktari anauliza habari za nyumba, kwa kuwa ni ya zamani. Nikamwambia alikagua Pua mwenyewe. Sasa anaitaka karatasi, na ile yetu hatuioni tangu tuhame. Tuandikie nyingine tu, mume wangu ataipitia. Hata kuja si lazima."

Pua aliyarudia maneno hayo moyoni. Hata kuja si lazima. Shetani mwenyewe asingemtandikia njia laini kuliko hiyo.

"Nakuja," akasema. "Jumapili asubuhi. Msifungue madirisha."

Alipokata simu akajiuliza hayo madirisha yafungwe kwa ajili ya pua ipi.

Jumapili mkewe alimfungia kipima unyevu na bisibisi kwenye mfuko. "Leo utasema," akamwambia.

"Nitaona."

"Hutaona. Utasema."

Muuguzi alimpokea vizuri, akamkaribisha chai sebuleni. Fundi saa alikuwa ametoka mara moja kwenda dukani. Meza ilikuwa na viti vitatu, na kiti kimoja kilikuwa kimewekewa rundo la magazeti, kama kiti ambacho hakikaliwi siku nyingi. Muuguzi akashusha sauti.

"Fundi, wewe ni kama mtu wa nyumbani, nitakueleza. Ukiingia chumbani kwa mama usishtuke. Wazee miili inabadilika, mimi kazini nawaona kila siku. Mama ana harufu. Mwanzo alikuwa anasema ni chumba. Tukamwambia, mama, Pua alisema ni rangi, itaisha. Rangi ikakauka, harufu ikabaki. Shuka lake linanuka, nguo zake zinanuka, zetu hazinuki. Sasa tungesemaje? Nikamnunulia sabuni ya dawa, nikamwambia taratibu, kwa heshima, mama, jitahidi. Anaoga mara tatu kwa siku. Siku hizi hali na sisi mezani, anasema ana haya. Wageni wakija anajifungia."

Aliyasema hayo kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Pua. Angeyasema kwa kejeli, angepata wa kumchukia. Mtu aliyefua nguo za mji mzima ameambiwa kwamba ananuka, na aliyefungua njia ya kumwambia hivyo ni yeye, kwa kicheko kimoja.

Akaomba kwanza aangalie ukuta kwa nje. Uani akamkuta bibi ameketi kwenye stuli mwisho kabisa wa kamba za nguo, mbali na mlango. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe, Pua?" Akasimama, akasogeza stuli nyuma hatua mbili. "Simama hapohapo, mwanangu. Upepo unakuja upande wako."

Pua alisimama hapohapo. Akageukia ukuta wa chumba cha nyuma, akatazama juu, akaliona gata la paa, mfereji wa maji ya mvua, limeoza mahali pa kuungia, na chini yake ukutani mstari mpana wa ukijani ulioshuka mpaka ardhini. Mstari huo haukuwa wa mwaka huu. Ukijani wa namna ile huchukua miaka kushika chokaa.

Fundi saa aliporudi wakaingia chumbani wote watatu. Pua aliomba kabati lifunguliwe mgongo. Fundi saa, kwa kutaka kusaidia, akaleta bisibisi zake, ambazo zingefaa kukaza meno ya mbu; wakacheka kidogo, kisha Pua akatoa yake. Skrubu ya nne ilipotoka, ubao ukaachia wenyewe. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kutoka sakafuni mpaka usawa wa kifua, mweusi wenye manyoya, na rangi ya mafuta imebambuka kama maganda ya kitunguu. Sindano za kifaa hazikuhitaji kusukumwa, zilizama. Kifaa kikalia mfululizo mpaka akakizima.

Muuguzi alisukuma dirisha wazi, akaziba mdomo. "Ni ileile," akasema. "Ndiyo harufu ya mama."

Ndani ya kabati hilo ndimo bibi alimoweka nguo zake zote na mashuka yake, na kitanda chake kilikuwa kimeegemea ubavuni mwake.

Fundi saa alikuwa mtu wa kutengeneza, si wa kulaumu. Alitazama ukuta, akatazama juu, akasema haraka, "Gata. Mvua za mwezi uliopita zimelipasua. Sivyo, fundi? Hii imeingia juzijuzi. Wewe ulipokagua haikuwepo."

Pua alikuwa ameinama mbele ya ukuta. Chini ya rangi iliyobambuka aliona mistari ya brashi ya mtu aliyepaka juu ya kuvu kavu bila hata kuikwangua. Aliijua mistari ya namna hiyo, alikuwa ameichora yeye mwenyewe kwenye kuta za watu miaka tisa. Kuvu hii ilikuwepo siku ile. Ilikuwa umbali wa kidole kutoka aliposimama.

"Huenda," akasema.

Neno la kijinga. Mtu mzima hujificha nyuma yake na miguu yote ikabaki nje.

"Nenda basi ukamwambie mama," fundi saa akasema, uso wake umepata nafuu. "Sisi tumeshasema mengi. Wewe atakusikia."

Pua akatoka uani na bisibisi bado iko mkononi. Safari hii hakusimama mbali. Bibi alitaka kusogeza stuli, lakini nyuma yake palikuwa na ukuta wa ua, akabaki ameushika mtandio wake kifuani.

"Mama, tumefungua kabati. Kuna kuvu nyuma yake, ukuta mzima. Hiyo ndiyo harufu. Imeingia kwenye nguo zako na kwenye kifua chako. Leo usilale humo tena."

Bibi aliuachia mtandio.

"Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe, mama."

"Hivyo ndivyo na wao wanavyosema. Si wewe, mama, ni uzee. Si wewe, mama, ni dawa unazokunywa." Akanyoosha mkono. Ngozi ilikuwa imechubuka kutoka vidoleni mpaka kiwiko, imepauka kwa sabuni ya dawa. "Wao siwaamini tena, wananihurumia. Lakini wewe kazi yako ni hii. Ninuse."

"Mama..."

"Ninuse, uniambie kama imetoka au bado ninayo. Nikiwa ninayo nitajua la kufanya. Ninuse, mwanangu."

Pua akachuchumaa. Akauleta uso wake karibu na mkono ule, akavuta pumzi, kwa mazoea tu, mara moja. Ilikuwa rahisi mno. Maneno mawili, hunuki mama, na yangekuwa kweli, alikuwa na hakika yangekuwa kweli. Bibi angelia kwa furaha na wote wangeshukuru. Lakini angekuwa ametia sahihi tena juu ya kitu asichokisikia, na safari hii juu ya mwili wa mtu. Akajiona mwizi aliyerudi nyumba ileile.

"Siwezi, mama," akasema. "Sinusi kitu. Pua yangu ilikufa kwa homa."

"Pole. Lini?"

Hapo angeweza kusema mwezi uliopita.

"Kabla ya siku ile mliponiita. Nilikuja hapa nikiwa sinusi."

Kamba za nguo zilitikisika.

"Siku ile niliposema nguo mbichi?"

"Ndiyo."

"Ukasema ni rangi."

"Sikusikia rangi, mama, wala sikusikia kuvu. Niliiona rangi kwa macho, na nilijua kuna kitu chini yake. Niliogopa wakijua pua yangu imekufa nitakosa kazi. Nikakukanusha ili nisijulikane. Nisamehe."

"Kwa hiyo siku ile," bibi akasema polepole, akipanga kila neno kama anayekunja shati, "mwenye pua nyumba hii nilikuwa mimi."

"Ulikuwa wewe peke yako."

Bibi akaita. Kikohozi kikamkatiza, akaita tena, sauti ya mtu aliyezoea kuita juu ya kelele za maji. Fundi saa na muuguzi wakatoka mbio.

"Sema tena," bibi akamwambia Pua. "Yote. Na hilo la gata nimelisikia dirishani, liseme nalo."

Akasema yote, amesimama, macho chini. Akasema kuvu ni ya miaka, haikuletwa na mvua za juzi, na kwamba aliposema huenda alikuwa anadanganya kwa mara ya pili. Muuguzi alikaa chini pale pale kwenye saruji. Fundi saa, kwa kuwa hakuvumilia kuona kitu kimevunjika bila kujaribu kukiunga, akasema, "Mama, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

"Si ndwele kwako," bibi akajibu. "Mimi ndwele ninayo hapa kifuani, na nyingine ninayo hapa." Akagusa uso wake. "Mwaka mzima nakula nimeupa ukuta uso. Najinusa kwapa kama mwendawazimu. Nimeamka nikajinusa, nimelala nikajinusa. Nilianza kuisikia hata pale isipokuwepo. Mwanangu wa kuzaa ananiletea chakula anaweka mlangoni."

Fundi saa aliangalia pembeni. Muuguzi akasogea kwa magoti mpaka kwenye stuli, akalaza uso wake begani kwa mama mkwe wake, akavuta pumzi, akabaki hapo.

"Sabuni, mama," akasema huku analia. "Unanukia sabuni."

"Najua," bibi akasema. Hakumsukuma, lakini hakumkumbatia pia.

Pua alisubiri atukanwe. Angependa kutukanwa. Alitaka mtu amshike ukosi, amtupe nje ya lango, mambo yaishe. Badala yake bibi akamuuliza kama karatasi ya daktari ameibeba.

"Nimeibeba."

"Kaa uandike."

Hapakuwa na kiti kingine, akakaa juu ya beseni lililopinduliwa, magoti yakimfikia kidevuni. Akaandika kuvu imeonekana wapi na kwa ukubwa gani, kipimo cha unyevu, gata, kabati lichomwe, lipu ibanduliwe hadi kwenye jiwe, chumba kisikaliwe. Akasoma kwa sauti.

"Hiyo ni ya ukuta," bibi akasema. "Andika na yangu. Andika kwamba nilisema."

Pua akaandika: Siku ya ukaguzi wa kwanza mwenye chumba alitoa taarifa ya harufu, akaitaja kwa usahihi. Mkaguzi alikuwa amepoteza uwezo wa kunusa na alificha jambo hilo. Alimkanusha. Alijua kwamba daktari ataisoma, na kwamba hospitali ina wauguzi, na wauguzi wana midomo, na kabla ya mwisho wa wiki hakuna mtu mjini pale atakayemwita tena kwa jina lile isipokuwa kwa dhihaka. Unga ulikuwa umemwagika. Akamsomea.

Bibi alifikiri.

"Ongeza kwamba mlicheka."

Pua akamwangalia. Bibi hakuwa anatania.

Akainama juu ya karatasi, akaandika kwamba walicheka. Kisha akaongeza, bila kuambiwa, kwamba aliyeanza kucheka ni yeye.